Mafundi wa Ruwi na Televisheni Zilizosahau Kuamka

Mwezi huu hatuna safari ya mbali ya kuwasimulia. Tumekwenda Ruwi, hapa hapa Maskati, mahali ambapo wengi wetu hupita kununua vitambaa au kutuma fedha nyumbani, na aghalabu hatuinui macho kuona yanayotendeka katika vijiduka vya vichochoroni.

Ruwi ni bonde lililozungukwa na majabali ya rangi ya kahawa iliyoungua, yanayokunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Wazee wetu waliofika Oman kabla ya 1973 hawakulijua bonde hili kwa maduka. Walilijua kwa uwanja wa ndege wa Bait al Falaj, kwani ndege zilitua papa hapa mpaka uwanja wa Seeb ulipofunguliwa mwaka huo. Leo pamejaa mabenki na maghorofa, na karibu yake ipo mitaa ya biashara ambamo Kiarabu, Kiurdu, Kimalayalam, Kibangla na Kiswahili husikika katika foleni moja. Baada ya adhuhuri maduka mengi hufungwa, na asiyejua desturi hiyo huachwa juani hadi saa kumi.

Kilichotupeleka ni televisheni. Bibi mmoja katika jamaa zetu, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka, aliletewa na wajukuu zake televisheni kubwa ya intaneti. Asubuhi hutazama matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, na jioni habari za Unguja. Ndiyo baraza yake na ndiyo safari yake. Siku moja ikaonyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikaonyesha nembo tena, ikazima tena, na hivyo hivyo hata kukapambazuka. Duka moja likamwambia kuwa bodi imekufa, na kwamba bodi mpya pamoja na ufundi vyakaribia bei ya televisheni nyingine, basi aitupe.

Fundi tuliyemkuta Ruwi ni kijana ambaye babu yake alizaliwa Unguja. Aliitazama kwa dakika chache, kisha akaomba azungumze na mwenyewe kwa simu. "Shikamoo bibi," alimwambia. "Haijafa hii. Imesahau tu namna ya kuamka." Bibi akamjibu: "Basi, mwanangu, tumekuwa marika."

Maneno ya kijana yule hayakuwa mzaha mtupu. Televisheni ya siku hizi ni kompyuta iliyovaa kioo, na kila inapowashwa hubidi isome programu zake katika chipu ya kumbukumbu inayoitwa eMMC. Nyingi zina ukubwa wa milimita 11.5 kwa 13, sawa na ukucha wa kidole, na chini yake mna vitone 153 vya lehemu. Ndani ni kumbukumbu ya flashi ya namna ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987. Kila chumba chake kidogo hufungia chaji ya umeme nyuma ya ukuta mwembamba mno. Kila kuandika na kufuta huula ukuta ule, na baada ya maelfu ya mara vyumba huanza kuvuja. Televisheni nayo huandika hata tusipoiamuru: kumbukumbu za kazi zake, programu mpya, na takataka nyinginezo. Joto huzidisha dhiki, na umeme ukikatika wakati inajisasisha, huenda ikabaki na nusu ya maandishi. Wala si televisheni peke yake. Mwaka 2021 kampuni ya Tesla iliyaita magari yake karibu 135,000 nchini Marekani kwa sababu ya chipu za aina hii zilizochakaa nyuma ya skrini.

Kijana alianza kwa kupima umeme wa bodi, maana mara nyingi kosa ni la kapasita tu na chipu haina hatia. Kisha akaunganisha nyaya nyembamba kwenye vituo vidogo vya bodi, na katika kompyuta yake tukaona mistari ya maandishi ikiteremka: bodi inaeleza yenyewe kila hatua ya kuamka kwake, na mahali ilipokwama. Alijaribu kuipa programu upya kwa flashi ya USB. Ilikataa. Hapo ndipo alipoing'oa chipu kwa hewa ya moto, akaiweka katika kisomeo, akasubiri.

Alichosubiri ndicho tunachotaka wasomaji wakijue. Ndani ya chipu ile, pamoja na programu ambazo televisheni zote za modeli moja huwa nazo, mna mambo ya televisheni hiyo peke yake: namba yake, anwani yake ya mtandao, mipangilio ya kioo chake, na funguo za siri ambazo huduma za filamu huzidai. Fundi mvivu huchukua nakala ya televisheni nyingine, akaiandika katika chipu mpya, akapokea riali zake. Kioo kikiwa cha aina tofauti, msoma habari huweza kutokea miguu juu, rimoti ikagoma, au huduma ya filamu ikakataa kufunguka. Kwa hiyo la kumwuliza fundi kabla ya bei ni hili: je, utaisoma ya zamani kwanza na kuihifadhi?

Ya bibi ilisomeka, ila sehemu chache zilizooza, nazo zilikuwa za programu za kawaida; akazijazia kwa nakala ya modeli ile ile. Chipu mpya ikalehemiwa, na malipo hayakufika robo ya bei ya televisheni mpya. Jioni ile Makka ilirudi sebuleni, na bibi akalalamika kwamba sauti ni ndogo.

Atakayekwenda Ruwi achukue rimoti, anakili namba ya modeli iliyo nyuma ya televisheni, na akilaze kioo wima garini, wala si kifudifudi, kwani kioo kikivunjika hakuna fundi. Na wanaofunga makontena ya kupeleka nyumbani wasiziache zile zilizokwama kwenye nembo kama kwamba ni taka. Wawaonyeshe mafundi kwanza, baada ya saa kumi.