Mbio Ndefu Si Adhabu

Arusha

Mwanangu mpendwa,

 

Baba yako ameniambia umenuna. Mwalimu wa michezo amekutoa kwenye mita 800 akakupeleka mita 5,000 na mbio za nyika, nawe unaona umeshushwa, eti mbio ndefu ni za wasio na kasi. Sitakubembeleza. Nitakusimulia habari za mwanamke mmoja wa Norwei, Grete Waitz, kisha uamue mwenyewe.

Alizaliwa Oslo tarehe 1 Oktoba 1953. Kwao aliitwa Grete Andersen; Waitz ni jina la mumewe, Jack. Alianzia ulipoanzia wewe: mwaka 1971 alikuwa bingwa wa vijana wa Norwei wa mita 400 na 800. Mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Munich kukimbia mita 1,500, na hizo ndizo zilizokuwa mbio ndefu kuliko zote walizoruhusiwa wanawake kwenye Olimpiki. Wanaume walikuwa wakikimbia marathoni tangu 1896. Grete hakupata medali Munich, wala Montreal mwaka 1976. Wakati huo alikuwa ameshavunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 mara mbili, lakini mita 3,000 za wanawake hazikuwamo katika Olimpiki. Mtu ana nguvu zake, ila mahali pa kuzionyesha hapajawekwa.

Kufikia 1978 alikuwa mwalimu wa shule, na alishaanza kufikiria kuacha riadha. Mumewe akamshawishi waende New York ajaribu marathoni, na angalau waone jiji. Waandaaji walimkubali wakitaraji ataongoza kasi ya mwanzo tu kwa ajili ya wenzake. Mazoezini hakuwa na mazoea ya kupita kilomita 20 au zaidi kidogo. Zile 42 za marathoni alizijua kwa kusikia. Vibao vya njiani vilihesabu maili, naye alizoea kilomita, kwa hiyo hakujua amebakiza kiasi gani. Alichojua ni kwamba mbio zinaishia kwenye bustani ya Central Park, ikawa kila akiona miti anadhani amefika. Alipofika kweli, saa ilisoma saa 2, dakika 32 na sekunde 30. Alikuwa ameshinda, na ameipunguza rekodi ya dunia ya wanawake kwa zaidi ya dakika mbili. Kwa hasira akavua viatu akamrushia Jack, akaapa harudii tena upuuzi ule.

Alirudia. Mwaka 1979 alikimbia kwa saa 2, dakika 27 na sekunde 33, na hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kumaliza marathoni chini ya saa mbili na nusu. Kati ya 1978 na 1988 alishinda New York mara 9. Mary Keitany wa Kenya, mkali wetu wa juzi tu, alishinda huko mara 4. Ujue basi 9 ni nini. Na hiyo nyika unayoidharau, Grete alikuwa bingwa wake wa dunia mara 5. Mashindano ya Dunia ya riadha yalipofanyika kwa mara ya kwanza, Helsinki mwaka 1983, dhahabu ya marathoni ya wanawake ilikuwa yake.

Usidhani alipata kila kitu. Wanawake waliporuhusiwa marathoni ya Olimpiki, Los Angeles mwaka 1984, Joan Benoit wa Marekani alichomoka mapema na Grete hakumfukuza kwa wakati. Akapata fedha. Seoul mwaka 1988 alijitoa kwa sababu ya goti. Dhahabu ya Olimpiki hakuipata kabisa, na bado sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Bislett, Oslo, na mwaka 2008 alitunukiwa nishani ya Mtakatifu Olav, heshima kubwa ya kifalme nchini mwake.

Mimi naona heshima yake kubwa iko kwingine. Fred Lebow, mwandaaji wa mbio za New York aliyempokea mwaka 1978, alipopata saratani ya ubongo, yeye na Grete walikimbia mbio hizo pamoja mwaka 1992, hatua kwa hatua, kwa zaidi ya saa tano na nusu. Grete mwenyewe alipougua saratani mwaka 2005 hakujifungia ndani. Miaka miwili baadaye alishiriki kuanzisha taasisi ya kuwasaidia wagonjwa wa saratani kufanya mazoezi. Alifariki tarehe 19 Aprili 2011, akiwa na miaka 57.

Kabla hujasema hayo ni ya Wazungu, kumbuka Tegla Loroupe wa Kenya alishinda New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo. Mwaka 1998 akavunja rekodi ya dunia ya marathoni iliyokuwa ya Ingrid Kristiansen, Mnorwei mwenzake Grete, baada ya miaka 13. Barabara aliyoikimbia Grete imekuwa ya mabinti wa Afrika Mashariki. Wewe unaikataa kwa sababu ya kununa.

Sikwambii ukimbie marathoni sasa. Mwili wako bado unakua, na marathoni haina haraka. Wala usiache masomo, maana Grete alifika New York akiwa mwalimu. Nakuomba umwendee mwalimu wako kwa adabu, ukimbie nyika msimu huu mmoja kwa moyo wote, halafu mtazame saa pamoja. Ikiwa mita 800 ndizo zako, saa itasema. Ikisema vinginevyo, ikubali.

Akupendaye,
Shangazi yako