Mifuniko Miwili

Kaka yangu alinunua Subaru Impreza WRX iliyotumika, kutoka Japani, mwaka uleule nilioingia chuo kikuu. Majirani zetu hapa Kireka hawakuhitaji kuambiwa kwamba amerudi kazini. Mlio wa gari ulitosha. Kwa hiyo aliponiambia kwamba ataliuza ili alipe ada yangu ya mwaka wa mwisho, nilikosa la kujibu.

Mnunuzi alikuwa aje Jumatatu. Alhamisi jioni, tukiwa kwenye foleni ya Mukono, mshale wa joto ulipanda hadi karibu na alama nyekundu. Kaka alizima injini upesi, na gari likavutwa hadi nyumbani. Fundi aliyeitwa alilitazama kwa dakika tano tu, akasema gasketi ya kichwa imeungua. Gharama aliyoitaja ilizidi nusu ya ada yangu.

"Nilichelewa kuuangalia mshale," kaka alisema. "Kosa ni langu. Tutaliuza hivyohivyo, kwa bei yoyote."

Usiku ule sikupata usingizi. Nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Wiki mbili kabla, nilipokuwa nikiliosha gari, niliongeza maji ya injini. Niliona mifuniko miwili, nikaifungua yote, kisha nikaifunga bila kuangalia upi ulitoka wapi.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilianza kukagua. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba imechanganyika na maji. Tukawasha injini kwa muda mfupi: hapakuwa na moshi mweupe, wala mapovu mfululizo kwenye chupa ya akiba. Nikapata moyo. Kisha nikatafuta kwenye simu picha niliyopiga siku gari lilipofika nyumbani, boneti ikiwa wazi. Mfuniko uliokuwa kwenye tangi dogo karibu na turbo sasa ulikuwa kwenye rejeta, na ule wa rejeta ulikuwa kwenye tangi.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa karibu nyuzi 96. Mfumo wa kupoza injini hufungwa ili maji yabanwe kwa presha, yasichemke mapema. Katika gari hili, mfuniko wa tangi dogo ndio unaoachilia presha iliyozidi kwenda kwenye chupa ya akiba, kisha huruhusu maji yarudi injini inapopoa. Mfuniko wa rejeta kazi yake ni kuziba. Baada ya mimi kuibadilisha, maji hayakurudi ipasavyo, na hewa ikachukua nafasi yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilisimama mbele ya kaka, mikono imejaa oili.

"Kaka, si wewe. Ni mimi." Nikamweleza yote.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Leta jeki, mdogo wangu."

Tuliinua upande wa mbele ili hewa ipande juu. Tukarudisha kila mfuniko mahali pake, tukafungua skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye rejeta, tukamimina maji yaliyochanganywa na dawa ya kupozea, nusu kwa nusu, polepole, kupitia tangi dogo. Tukawasha injini, hita ikiwa juu kabisa, na kuongeza maji kila yaliposhuka. Mipira yote miwili ya rejeta ilipata moto, ishara kwamba themostati imefunguka. Feni zikaanza kuzunguka. Jioni tulikwenda Mukono na kurudi, foleni ikiwa ileile. Mshale haukufika katikati.

Jumatatu nilidhani kaka atanyamaza. Lakini alimweleza mnunuzi kwamba gari liliwahi kupata moto, na sababu yake. Mnunuzi akaomba apunguziwe bei, na kaka akakubali. Ada ililipwa, ingawa kidogo ilibidi tukope.

Kabla gari halijaondoka, nilifungua boneti na kumwonyesha mmiliki mpya mifuniko ile. Kwa rangi nyeupe nilikuwa nimeandika herufi T kwenye mmoja, na R kwenye mwingine.