Jasi ya Itigi

Kaka yangu alichimba jasi hapa Itigi kwa sululu na koleo, kibarua wa mwenye shimo mmoja. Jasi husagwa pamoja na klinka. Pasipo jasi, saruji huganda kabla fundi hajainua mwiko. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, leo kiko chini ya Heidelberg ya Ujerumani. Kampuni tanzu kama hiyo ikistawi, husifiwa mtaji na wataalamu wa kampuni mama. Nakubali, ndugu msomaji. Mtaji una kazi yake. Lakini ustawi huo husimama pia juu ya mawe, njia na mikono ya wenyeji. Kaka alirudi nyumbani mgongo umepinda. Mgongo ule sijauona katika hesabu ya mtu yeyote.