Nimefuta faili, mbona diski bado imejaa?

Nimepotea kitambo, kazi zimenibana, lakini leo lazima niwasimulie yaliyonipata Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Saa moja na nusu usiku, niko ndani ya matatu kwenye msongamano wa Thika Road, simu ikalia. Ni mama mmoja mwenye duka la dawa ambaye nilimwandikia programu ya mauzo. Programu yenyewe inakaa kwenye kompyuta ndogo ya Ubuntu chini ya kaunta.

“Mwanangu, mashine imekataa kuuza. Kila nikibonyeza inaniletea maneno mekundu, na watu wamejaa hapa. Niizime niiwashe?”

“La, mama, usiizime tafadhali. Andika kwenye daftari kwanza, naiangalia sasa hivi.”

Nikahama kutoka kiti cha dirishani (mnajua ni kwa nini), nikafungua laptopu, nikaunganisha intaneti ya simu na kuingia kwa ssh. Amri ya kwanza, kama kawaida:

df -h

Hii hukuonyesha kila diski ina ukubwa gani na imetumika asilimia ngapi. Ile herufi h huleta hesabu kwa giga na mega badala ya tarakimu ndefu zisizosomeka. Jibu: asilimia 100. Hifadhidata ikikosa mahali pa kuandika, hakuna mauzo. Sasa nani amekula nafasi?

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

du hupima kila saraka, x huizuia isivuke kwenda diski nyingine, na sort -h hupanga matokeo ili kubwa zaidi liwe chini kabisa. Nikaifuata hiyo kubwa ngazi kwa ngazi mpaka /var/log, na humo nikakuta faili moja ya giga 38. Logi ya programu yangu mwenyewe! Miezi miwili nyuma nilikuwa natafuta kosa fulani, nikaiambia programu iandike kila inachofanya, kisha nikasahau kuizima.

Aibu hiyo. Nikaipiga rm upesi upesi, nikarudia df -h.

Asilimia 100.

Hapo jasho likanitoka. Rafiki yangu niliyemtumia ujumbe akasema nifute tu kila kitu kilicho ndani ya /var/log. Tafadhali msifanye hivyo! Kuna programu, nginx kwa mfano, ambazo zikikosa saraka yake ya logi hukataa kabisa kuwaka.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye Linux, rm huondoa jina la faili tu. Kama kuna programu bado imeifungua, data yake inabaki palepale kwenye diski mpaka programu hiyo iiachilie. Ni kama kung'oa bango la duka ilhali mwenyewe yumo ndani anauza. Ndiyo maana hata du haikuiona tena: inahesabu faili zenye majina. Dawa yake:

sudo lsof +L1

Amri hii huorodhesha faili zilizofunguliwa ambazo hazina jina tena. Na kweli, giga 38 zangu zilikuwepo, zimeshikwa na programu yangu. Nikaizima na kuiwasha upya kwa systemctl restart, nafasi ikarudi mara moja. Kumbe baada ya ile rm, ushauri wa mama wa kuzima na kuwasha ungetosha! Ningeacha jina mahali pake na kuimwaga faili kwa truncate -s 0, nisingehangaika hata kidogo.

Mkibanwa na nafasi mashine zenu wenyewe, jaribuni kwanza sudo apt clean, inayofuta vifurushi vya usakinishaji vilivyobaki, kisha sudo journalctl --vacuum-size=200M. Hizo hazina madhara.

Nilipompigia mama, nilimwambia diski ilijaa.

“Ilijazwa na nini?”

Ningeweza kusema virusi. Nani angejua? Lakini alikuwa na kurasa nne za daftari za kuingiza upya, dawa moja moja, na saa tatu ilikuwa imepita.

“Ni mimi, mama. Nilisahau kitu.”

Akanyamaza. “Haya. Ile pesa ya kuangalia mashine mwezi huu tutaongea.”

Jumamosi nilienda nikaweka logrotate, nikaketi naye tukaingiza zile kurasa. Nikabandika kikaratasi kwenye skrini: df -h, ikifika 80 nipigie. Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia. Alikuwa anasoma mstari usiofaa, ule wa /snap ambao husoma 100 siku zote. Nimeongeza mshale kwenye kikaratasi.