Kabla Sijarudi Unguja: Wosia wa Pensheni

Wanangu na wajukuu zangu mlioko Leicester, Reading na London,

Tiketi imeshakatwa na mizigo mizito imetangulia kwa meli. Wosia wa sala na wa kupendana mmeusikia tangu mkiwa wadogo, siurudii. Huu ni wa pesa, tena pesa za uzeeni, jambo ambalo vijana hamna hamu nalo na wazee wenzangu huona haya kulitaja mbele ya watoto.

Kila mmoja wenu ana daftari lake serikalini. Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Ukiisha, HMRC, yaani mamlaka ya kodi, huangalia kama umetimiza michango ya Bima ya Taifa, ile NI mnayoiona ikikatwa kwenye hati ya mshahara. Ukitimiza, mwaka unahesabiwa. Usipotimiza, unabaki pengo. Kwa utaratibu ulioanza mwezi Aprili 2016, mwenye miaka pungufu ya 10 hapati kitu, na pensheni kamili kwa kawaida inataka miaka 35. Katika mwaka wa 2025/26 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Si utajiri, lakini inaingia mpaka siku unayozikwa, na hakuna anayekuuliza una paspoti ya wapi. Kinachoulizwa ni daftari tu.

Sasa sikilizeni mapengo yetu yanatoka wapi, maana si uvivu. Kuna mama namjua anayesafisha ofisi alfajiri, mchana yuko jikoni kwenye shule, jioni anafagia kwa kampuni nyingine. Kila kazi inampa pauni mia hivi kwa wiki. Mkononi ana pauni mia tatu, lakini ili wiki ihesabiwe, kazi moja peke yake lazima ifikie kima cha chini, ambacho mwaka wa 2025/26 kilikuwa pauni 125, na mishahara ya waajiri mbalimbali haijumlishwi. Mama huyo anafanya kazi tangu kabla ya adhana ya alfajiri hadi usiku, na kwenye daftari anaonekana kama mtu aliyelala mwaka mzima. Lingekuwa jambo la kuchekesha kama si dhuluma. Wengine walikwenda nyumbani kumuuguza mzazi, wakakaa mwaka. Wengine walilipwa mkononi bila karatasi, na bosi akawaambia hivyo ndivyo watakavyopata zaidi.

Kabla hujatoa hata pauni moja, uliza kwanza una haki gani ya kuhesabiwa bure. Hapa ndipo watu wetu wanapoteza sana. Anayepokea Child Benefit, ile posho ya watoto, kwa mtoto aliye chini ya miaka 12 huandikiwa mwaka wake hata kama hafanyi kazi. Lakini nyumba ngapi nimeziona fomu imejazwa kwa jina la baba kwa sababu eti ndiye kichwa cha nyumba? Baba anakwenda kazini, mwaka wake umeshatimia, kuandikiwa huko hakumfai kitu. Mama anayelea amebaki na pengo. Haki hiyo inaweza kuhamishiwa kwa mama. Ombeni, wala msione ni kumvunjia baba heshima. Na nyinyi mnaosema mshahara wa mume ni mkubwa, Child Benefit yenyewe itarudi kwenye kodi, jazeni fomu hata hivyo na mkatae malipo. Daftari litaandikwa.

Bibi anayelea mjukuu aliye chini ya miaka 12 ili mtoto wake aende kazini naye ana haki, mradi mwenyewe hajafikia umri wa pensheni. Mzazi mwenye kupokea Child Benefit anamwachia mwaka wake, fomu inaitwa CA9176, na inaweza kurudi nyuma hadi mwaka 2011. Anayemtunza mgonjwa au mzee kwa saa 20 au zaidi kwa wiki aulize habari ya Carer's Credit. Anayepata Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, huandikiwa pia, na yule mama wa kazi tatu huenda amo humo bila kujua.

Likibaki pengo, ndipo unaponunua. Katika 2025/26 mwaka mmoja wa hiari ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, yaani pauni 923. Mwaka huo kwa kawaida unaongeza sehemu moja ya 35 ya pensheni, kwa viwango hivyo pauni 6.58 kwa wiki, karibu pauni 342 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: chini ya miaka mitatu ya uzee pesa zako zimerudi, zinazobaki ni faida. Dereva wa teksi aliyejiajiri, ambaye faida yake ni ndogo mno kufikia kiwango, katika 2025/26 alinunua kwa pauni 3.50 kwa wiki. Huo ulikuwa mwaka mzima kwa pauni 182, na bado wapo wanaoringa.

Lakini msikimbilie kulipa. Kijana wa miaka 28 anayefanya kazi kila siku atafikisha miaka 35 ya michango kabla hajazeeka. Aliyezaliwa baada ya tarehe 5 Aprili 1978 anasubiri mpaka miaka 68 kwa sheria ya sasa. Pengo lake la mwaka mmoja huenda halina madhara, na pesa hiyo ingemfaa zaidi kwenye kodi ya nyumba. Pia wapo waliokuwa na mfuko wa mwajiri kabla ya 2016, na baadhi ya miaka ya nyuma haiwaongezei hata senti. Na yule ambaye uzeeni atategemea Pension Credit, msaada kwa wazee wenye kipato kidogo, anaweza kuongeza pensheni mkono huu akapunguziwa msaada mkono ule. Ukishalipa, pesa hairudi kirahisi. Kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya serikali uone makadirio yako, kisha pigia Future Pension Centre, kituo cha serikali cha pensheni, uulize swali moja: nikilipia mwaka huu, pensheni yangu itaongezeka kwa kiasi gani? Usiridhike na jibu la juu juu, taka kiasi.

Kwa wanaowaza kurudi nyumbani kama mimi, jueni na hili. Pensheni ya Uingereza inalipwa Tanzania na Kenya, lakini haipandi. Kiwango unachokwenda nacho ndicho utakachokula miaka yote, wakati mwenzako aliyebaki Leicester anaongezewa kila Aprili. Mimi nimeshaamua hivyo hivyo, bahari yetu siibadilishi kwa nyongeza. Nyinyi mkikata shauri, kateni mkijua. Tena kuanzia tarehe 6 Aprili 2026 aliye nje haruhusiwi kulipa kile kiwango cha bei nafuu, na wengi wanaoomba upya kulipia wakiwa nje wanatakiwa wawe wameishi Uingereza miaka 10 mfululizo au wamechanga miaka 10. Usiseme utayashughulikia ukifika Unguja.

Kwa kawaida dirisha la kuziba pengo ni miaka sita. Maana yake mwisho wa kulipia mwaka wa 2019/20 ni tarehe 5 Aprili 2026, na kila mwaka unaofuata una mwisho wake. Aliyehamia, aliyezaa au aliyekuwa anauguza ndani ya miaka sita hiyo, afungue daftari lake wiki hii, na asiyejua kusoma Kiingereza vizuri asaidiwe na mtoto wake.

Bibi yenu