Kauri Shingoni mwa Mtoto

Katika madrasa yetu hapa Muheza huja watoto wadogo waliofungwa uzi shingoni, na katika uzi huo imetungwa kauri moja, ambayo wengine huiita kete. Ukiuliza, huambiwa: "Ni kinga ya jicho, mwalimu." Basi nimeona vema tuitazame kauri yenyewe ni kitu gani.

Aendaye Tanga au Pangani, maji yakipwa, akafunua mawe ya mwambani, atamkuta mwenyewe: konokono mdogo, kiasi cha pingili ya kidole, mwenye duara la manjano mgongoni kama pete. Akiwa hai huutandaza mwili wake laini juu ya gamba ukalifunika pande zote mbili. Ndiyo sababu gamba hung'aa ingawa hapana mtu aliyelisugua. Chakula chake ni mwani. Ukimgusa hujikunyata ndani, na pweza humla humo humo. Kinga hiyo haimtoshi hata mwenye nyumba!

Zamani kauri zilikuwa fedha. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alitumikia ukadhi visiwani Maldivi, akaandika kwamba huko dinari moja ya dhahabu hununua kauri laki nne, na pengine hata milioni moja na laki mbili. Kisha alipofika nchi ya Mali akazikuta zikiuzwa 1,150 kwa dinari. Gamba ni lile lile. Bei ilikuwa ya safari. Na katika miaka ya 1840 wafanya biashara wa Hamburg walianza kupakia kauri za pwani yetu kutoka Unguja kwenda Afrika ya Magharibi. Zikamiminika huko merikebu kwa merikebu mpaka thamani ikaporomoka, na aliyeweka akiba yake akabaki na chungu ya magamba. Waganda hata leo huita fedha ensimbi, na maana yake ya asili ni kauri.

Naam, Mtume (S.A.W.) alikwisha kuitaja. Katika Musnad ya Imam Ahmad, Uqba bin Amir amepokea kwamba ajitundikiaye kauri aliombewa asipate utulivu. Wako wanachuoni waliozungumza juu ya sanadi yake, lakini hadithi nyingine ya Uqba huyo huyo, iliyo na nguvu zaidi, inahesabu kutundika hirizi kuwa ni shirki.

Linalonisumbua zaidi ni homa. Nimemwona mtoto amewaka moto siku tatu, na nyumbani wamekaza uzi tu, na hospitali iko karibu.

Mtoto simkatii uzi wake mbele ya wenzake. Humwita mama yake baada ya Alasiri tukazungumza, nikamkumbusha Falaq na Nas, ambazo mwanawe amekwisha kuzihifadhi. Wengine hukubali, wengine hununa. Bibi mmoja aliivua ya mjukuu wake, lakini hakuitupa: aliitia katika komwe za bao la mumewe, na huko inachezwa hata leo.