Kabla ya Kuandika Jina la Kwanza

Wako wanaodhani kwamba kanzidata ni kazi ya wataalamu wa Dar es Salaam tu, wala haituhusu sisi watu wa korosho. Mimi sikubaliani nao. Tangu mwaka 2007, korosho zilipoanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, fedha ya mkulima wa Newala na Masasi hufuata jina lake lilivyoandikwa. Kwa hiyo yafaa tujue orodha hizo huundwaje.

Muhula huu chama chetu cha kompyuta kilipewa kazi ya kutengeneza kanzidata ya maktaba. Tulichagua programu ya PostgreSQL, ambayo haina malipo, na asili yake ni kazi iliyoanza katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Ukitaka kuunda kanzidata mpya, programu hiyo yatosheka na jina tu. Mengine hujaza yenyewe. Lakini mwalimu wetu alitutaka tufungue mipangilio ya ndani, tuamue wenyewe. Tulibishana siku mbili, na faida ya mabishano yale ndiyo nataka kuwagawia.

La kwanza ni herufi. Tulichagua UTF-8, utaratibu uliobuniwa mwaka 1992, ambao huweza kuandika herufi za lugha nyingi mno. Lakini sharti kuangalia: ile alama ya ng' ina maumbo mawili, iliyonyooka na iliyopinda. UTF-8 hupokea yote mawili, na kompyuta huyahesabu kuwa maneno mawili mbalimbali. Tukaweka sheria kwamba tutaandika iliyonyooka peke yake.

La pili ni namna ya kupanga majina. Utaratibu uitwao C hutanguliza herufi kubwa zote, ndipo ndogo zifuate. Hivyo "asha" akiandikwa kwa herufi ndogo atakaa nyuma ya "Zuberi", na anayemtafuta mwanzoni mwa orodha atasema hayumo. Tulichagua utaratibu mwingine ufuatao alfabeti kama ya kamusi. Mambo haya mawili hayabadilishwi kanzidata ikisha kuundwa. Itakubidi utoe habari zote nje, uunde nyingine, kisha uzirudishe.

La tatu ni idadi ya wanaoweza kuingia kwa wakati mmoja. Programu huweka -1, maana yake hakuna kikomo. Kompyuta yetu ni moja, tena kuukuu, basi tukaandika 10.

La nne ni mwenye kanzidata. Wenzangu wengine walitaka awe mwanafunzi hodari kuliko wote. Mimi nilipinga, kwani mwanafunzi humaliza kidato cha nne akaenda zake, na funguo akaenda nazo. Tulikubaliana iwe mali ya cheo cha mkutubi, si ya mtu. Wanafunzi wataweza kuona vitabu vilivyopo, lakini si nani kaazima kipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatukumbusha kwamba habari za mtu zina heshima yake.

Tulipofika kwenye majedwali, nilishika neno moja bila kuliachia: kila mtu atambuliwe kwa namba, si kwa jina. Msimu mmoja babu yangu alikawia kulipwa korosho zake, kwa kuwa katika karatasi moja jina lake lilianza kwa Mn, na katika nyingine kwa Nn. Makarani wote wawili waliandika walivyosikia. Mzee alikwenda na kurudi, akithibitisha kwamba yeye ni yeye. Namba ingalimwokolea nauli na fedheha.

Mpanda mkorosho hupima nafasi kabla ya kuchimba shimo, kwa sababu miti ikisha kufungana matawi hakuna dawa ila shoka. Kanzidata nayo ni vivyo hivyo: saa moja ya kufikiri mwanzoni huokoa siku nyingi za kubomoa.

Nanyi wazazi wetu, karani anapoandika jina lenu, msione haya kumwomba awasomee herufi moja moja. Na sisi wanafunzi, ambao kesho huenda tukawa makarani hao, tujifunze kuuliza kabla ya kuandika.